Bomba Lako Lingali Ndani ya Boksi

Kibokoni, Mombasa

Mpwa wangu,

Mzigo wako wa Dubai umefika salama, na najua unangoja kusikia kwamba nimeshaufunga kwenye Subaru. Sijaufunga. Nimeufungua, nikaupanga barazani, nikautazama siku mbili, huku wapita njia wakiniuliza kama nimeanza biashara ya mabomba.

Barazani vilikuwa vitu vitatu: filta ya karatasi niliyoichomoa kwenye gari, ile filta nyekundu ya pamba, na koni na bomba lake la aluminiamu. Nianze na koni, maana ndiyo iliyokula pesa zako.

Koni hukaa wazi chini ya boneti. Wewe umezaliwa nyumba hii, unakijua chumba cha upande wa bahari na kile kinachopakana na jiko. Vyote vina madirisha, lakini hakuna aliyewahi kugombania kulala cha jikoni. Boksi la filta la Subaru lina kifuniko, na hewa yake huivuta kutoka mbele, karibu na grili. Hilo ndilo dirisha la baharini. Koni yako ingevuta hewa ya jikoni. Hebu fikiri foleni ya feri Likoni, mchana wa kaskazi, injini inanguruma na gari halisogei. Hewa ya nyuzi 30 ikipashwa hadi 60 hupungua uzito karibu asilimia 9. Walioandika kwenye boksi kwamba inaongeza nguvu za farasi hawakupimia kwenye foleni ya feri.

Bomba nalo lina lake. Baada tu ya filta kuna sensa yenye waya mwembamba wa moto, na ndiyo inayoiambia kompyuta ni hewa kiasi gani inaingia. Kompyuta ilifunzwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukiweka pana zaidi pale kwenye sensa, hewa ile ile hupita polepole mbele ya waya, kompyuta ikadhani hewa ni haba, ikatoa petroli kidogo. Petroli kidogo na msukumo mkubwa wa tabo: injini inagonga. Nimewahi kushika pistoni za Subaru zilizomeguka pale pete zinapokaa, zimemeguka kama ukingo wa kigae. Kwa hiyo bomba hilo halifungwi bila fundi wa kuipanga kompyuta upya, na bei ya fundi huyo hukuihesabu.

Filta nyekundu ni habari nyingine. Wamarekani wa K&N wameziuza miaka mingi mpaka jina lao limekuwa jina la kila filta nyekundu mjini, hata zile za bandia. Ni pamba iliyotiwa mafuta, huoshwa na kurudishwa, na huingia ndani ya boksi la asili bila kuhamisha kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo zamani. Siku moja niliiosha, nikaimiminia mafuta kama ninayepaka kuku wa kuchoma, nikaifunga ingali mbichi. Darajani Nyali gari likaanza kukohoa, matatu zinanipigia honi nyuma. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye waya wa sensa. Kosa langu, lakini nalijua, na wewe pia u mwepesi wa mkono.

Nikaona nisibishane nawe kwa maneno. Nilichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, nikaukunja kama herufi U, nikautia maji yenye rangi kidogo ya biriani ya mamako. Ncha moja nikaiunga kwenye bomba kati ya filta na tabo, nyingine nikaiacha wazi. Baada ya alfajiri, barabara tupu, mimi nakanyaga mafuta, ndugu yako anasoma maji. Filta kuukuu ya karatasi, iliyojaa vumbi, iliyavuta maji sana. Tukaweka karatasi mpya, yakatulia. Tukaweka nyekundu, yakashuka tena, lakini kwa upana wa kidole tu.

Sasa pima kidole hicho. Uzito wa hewa hapa pwani ni sawa na maji ya kina cha mita 10. Rafiki zako wa Nairobi, walio juu zaidi ya mita 1,600, wamepungukiwa karibu moja kwa sita kabla hata ya kufungua boneti. Wewe kisiwani umepewa yote bure, kisha unapigania upana wa kidole!

Unapenda kunitajia magari ya mbio za Safari Rally. Haya: McRae alishinda na Impreza 1997, Burns 2000. Sheria iliwalazimisha kuvuta hewa yote ya injini kupitia tundu la milimita 34. Na mdomo wa kuvutia hewa waliupandisha juu kando ya kioo, wakikimbia maji na vumbi. Wauzaji wa mabomba marefu huushusha chini nyuma ya bampa. Novemba 2023 hukuwako, barabara za kisiwani zilipogeuka mito. Maji yakivutwa, hayashindiliki ndani ya silinda. Kinachopinda ni fimbo ya pistoni.

Najua unachokitaka hasa ni ule mlio, tabo inavuta hewa halafu inapumua. Sikulaumu. Hata mimi nikiusikia Ndia Kuu hugeuza shingo, na ndevu zangu hizi.

Karatasi mpya nimeshaifunga. Boksi lako liko chini ya kitanda cha nyanyako, utaliona ukija Idi. Uje na klampu mbili za mpira wa tabo, hizi za sasa zimeliwa na chumvi.

Mjomba wako