Janga Likirudi, Nani Atamlipa Mpishi?

Hebu tuongee kuhusu ile mitungi ya maji. Unaikumbuka? Ile ya plastiki, yenye mfereji chini na kipande cha sabuni kando, iliyokuwa kwa kila geti la shule 2020 na 2021. Leo pita shule za mtaani kwenu uitafute. Mingine imekauka, mingine imepandwa maua, mingine imehamia jikoni kuwekea maji ya chai.

Sisemi hivi kucheka shule. Nasema juu watu wengi wakisikia "shule zijiandae kwa janga", picha inayowajia ni huo mtungi. Sanitaiza. Barakoa. Kile kidude cha kupima joto ambacho soja alikuwa anakuelekezea kwa paji la uso kama bunduki. Vitu. Na mimi naona vitu ndio sehemu rahisi. Kile hatukuandaa, na bado hatujaandaa, ni watu. Na nikisema watu simaanishi mwalimu mkuu peke yake. Namaanisha mpishi, soja, metroni, mama wa kufagia, mwalimu wa BOM. Hao ndio shule. Wengine sisi tunapita tu.

Turudi nyuma kidogo, juu najua baadhi yenu mlikuwa wadogo. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020. Jumapili, tarehe 15, Rais Uhuru Kenyatta akasema shule zifungwe. Shule za kutwa zifunge kesho yake, za bweni zipewe hadi Jumatano. Yaani shule ya bweni yenye watu elfu moja ilikuwa na siku tatu kutafuta mabasi, kupigia wazazi simu, na kuamua chakula kilicho stoo kiende wapi. Julai 7, Waziri George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Oktoba 12, Gredi ya Nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi. Sisi wengine tulikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021.

Miezi tisa na zaidi. Halafu tukalipia. Mihula ikabanwa hadi mwaka wa 2023 ndio kalenda ikarudi kawaida. Wale mlikuwa shule wakati huo mnajua ile kuchoka nasema.

Sasa niwaambie ya kwetu nyumbani. Mamangu ni mpishi wa shule. 2020 alikuwa anapikia shule moja ya kibinafsi hapa Eastlands, watoto kama mia tatu, githeri Jumatatu, wali na ndengu Jumanne, unajua hiyo ratiba. Jumapili usiku tulisikia tangazo pamoja. Lakini tangazo lilisema wanafunzi. Hakuna mtu alisema kuhusu wapishi. Habari ya shule ilitumwa kwa grupu ya WhatsApp ya walimu, na mathe alikuwa na simu ya mulika mwizi. Kwa hivyo Jumatatu saa kumi na moja asubuhi akaamka kama kawaida, akatembea hadi shule. Soja ndiye alimwambia kwa geti: "Mama Kevo, rudi tu nyumbani. Hata mimi sijui kama kesho nitakuwa hapa."

Machi alilipwa. Aprili akapewa nusu. Mei ikawa kimya. Simu ya ofisini ikawa inaita tu. Walimu walioajiriwa na TSC waliendelea kupata mshahara, na ilikuwa haki yao. Lakini shule ya kibinafsi inategemea karo, na karo ikikatika kila mtu wa chini anakatika nayo. Kuna shule kule Mwea, Kirinyaga, iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku ndio mwenyewe asizame. Walimu wa kibinafsi wengi waliuza mboga, wengine wakaenda mjengo. Mathe aliuza chapati na madondo kando ya stage, na askari wa kaunti wakimfukuza. Ile shule haikufunguliwa tena 2021. Jengo lilipangishwa.

Sitaki mumhurumie, yeye mwenyewe hapendi huruma. Nataka muone kile kilipotea. Mathe alikuwa na kitu ambacho hakuna kidude cha kupima joto kinaweza kukupa. Alikuwa anajua watoto kwa sahani zao. Aliniambia siku moja, "Mtoto akianza kuugua, mimi ndiye wa kwanza kujua. Sahani inarudi imejaa." Sufuria ikibaki nusu siku ya wali, alijua kuna kitu kinazunguka hiyo shule, hata kabla mwalimu wa zamu hajapokea mgonjwa wa kwanza.

Hiyo ndiyo wataalamu wa afya wanaita ufuatiliaji, na kazi yake ni rahisi kuelewa: kugundua mapema kwamba wagonjwa wameongezeka kuliko kawaida. Shule ina njia nyingi za kugundua. Rejista ya darasa inaonyesha watoto watano wa dawati moja hadi lingine wamekosa wiki moja. Metroni anaona foleni ya choo usiku. Soja anaona ni nani ameletwa na mzazi akiwa amefunikwa shuka. Shida ni kwamba kila mmoja ana kipande chake na hakuna mtu anawauliza waviweke pamoja.

Na usidhani hii ni stori ya korona pekee. Aprili 2023 shule moja ya bweni ya wasichana Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua. Wanafunzi walifariki, na mwalimu pia. Vipimo vilionyesha bakteria kwa maji na chakula. Hapo ndipo unaona kwamba jikoni na tangi ya maji ni sehemu ya usalama wa shule kama vile geti lilivyo. Mpishi akisema maji yananuka, hiyo ni ripoti ya afya. Si malalamiko ya mpishi.

Tarehe 31 Julai 2024, Kenya ikatangaza kisa chake cha kwanza cha mpox, kwa mtu aliyepitia mpaka wa Taita Taveta. Wiki mbili baadaye WHO ikatangaza ni dharura ya dunia nzima. Wakati huo mathe alikuwa ameshapata kazi tena, shule ya kutwa ya serikali, analipwa na BOM. Mwalimu mkuu akaita mkutano. Walimu wakaketi dakika kama kumi, wakaambiwa wakumbushe wanafunzi kunawa mikono. Wapishi hawakuitwa. Soja hakuitwa. Mama wa kufagia, ambaye ndiye anagusa kila kitu ambacho wanafunzi wamegusa, alisikia kutoka kwa mwanafunzi.

Na hata huo ujumbe wa kunawa mikono, ulikuwa nusu tu. Kila ugonjwa una njia yake. Kipindupindu kinapitia maji na chakula kilichochafuka, kwa hivyo hapo choo, maji safi na sabuni ndio kila kitu. Korona inapitia hewa, kwa hivyo madirisha yalikuwa na maana kuliko kupangusa madawati kila saa. Lakini nani anakumbuka shule iliyotengeneza madirisha yasiyofunguka? Mpox inapitia zaidi kugusana ngozi kwa ngozi, na pia shuka, taulo na nguo za mgonjwa, kwa hivyo bweni ambalo watu wanaazimana blanketi linahitaji maneno tofauti kabisa. Mwalimu na metroni wakijua tofauti hizi, wanaweza kubadilisha mpango kulingana na ugonjwa. Wasipojua, tutarudi tu kwa mtungi kila wakati.

Najua mtaniambia: shule hazina pesa, pesa za serikali zenyewe zinachelewa. Kweli. Lakini angalia vile vitu nasema. Vingi ni vya bure.

Mkutano mmoja kila mwanzo wa muhula ambao wafanyakazi wote wanakaa chumba kimoja, kuanzia mwalimu mkuu hadi soja, ni bure. Hapo kila mtu anaambiwa kazi yake siku mambo yakichafuka: nani anapiga simu, nani anakaa na mgonjwa, nani anafunga stoo, na kama huyo mtu hayuko ni nani anachukua nafasi yake. 2020 walimu waliitwa warudi shuleni Septemba 28, wiki mbili kabla ya wanafunzi. Wiki mbili, kwa janga lililokuwa na miezi sita tayari. Hiyo kazi inafanywa mapema, siku watu wametulia.

Daftari la namba za simu ni bei ya daftari. Si namba ya mzazi pekee, hata ya jirani, juu wengi wetu tunajua mzazi anabadilisha laini kila baada ya miezi miwili. Na alama kando ya jina: huyu ana simu ya intaneti, huyu ana mulika mwizi, huyu hana simu kabisa. Shule nyingi zilituma masomo kwa WhatsApp 2020 kisha wakashangaa mbona watoto hawajibu. Mtoto wa mulika mwizi alihitaji redio, au karatasi zilizochapishwa ambazo angechukua dukani kwa mama mboga. Ungejua hivyo kabla ya kufunga, ungejipanga.

Chumba kimoja cha kuketi mgonjwa akisubiri kuchukuliwa, chenye dirisha linalofunguka, kinaweza kuwa stoo iliyosafishwa. Namba ya mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo iko hapo tu. Hao watu wanapita kwa milango yetu kila wakati na begi zao.

Kitu kimoja tu ndicho kinahitaji pesa, na ndicho hakuna mtu anataka kukitaja. Mshahara. Shule ikifungwa leo, mpishi atalipwa miezi mingapi? Soja je? Iko kwa karatasi mahali, ama tutangoja hadi simu ya ofisini ianze kuita bila kupokelewa? Hata akiba kidogo kila muhula, hata mwezi mmoja kamili ulioandikwa kwa mkataba, ni tofauti kubwa kwa mtu wa kulipwa mwisho wa mwezi. Na si suala la huruma. Mtu anayejua kwamba akisema "mimi naumwa" atapoteza kazi, hatasema. Atakuja kupika akikohoa. Mfanyakazi asiye na uhakika wa doo ni shimo kwa ukuta wa afya ya shule, hata ukipaka sanitaiza hadi paa.

Kuna msee aliniambia juzi, "Wewe unawaza sana, korona iliisha." Sawa. Lakini mimi nilimaliza sekondari na deni la karo ambalo lilianza Mei 2020, mwezi mshahara wa mathe ulikauka. Deni hilo halikuletwa na virusi. Lililetwa na shule ambayo haikuwa imewahi kujiuliza itafanya nini na watu wake siku geti likifungwa.

Kwa hivyo wewe uliye shuleni sasa, ama una ndugu mdogo huko, nakupa kazi ndogo wiki hii. Usiulize kama kuna sanitaiza. Muulize mpishi wenu, kwa heshima, kama amewahi kuitwa kwa mkutano wowote wa afya. Muulize soja angempigia nani simu mtoto akianguka hapo getini. Kama ni mwanachama wa baraza la wanafunzi, peleka hayo majibu kwa naibu wa mwalimu mkuu, na uyapeleke yameandikwa.

Mathe ameanza daftari lake mwenyewe, hakuna mtu alimtuma. Anaandika siku sufuria ikibaki, na darasa gani halikumaliza. Anaweka juu ya kabati ya vikombe. Mpaka leo hakuna mtu ameomba kuliona.