Homa Iliyorudi

Mwaka 2014 tulikwenda kijijini, mkoani Dodoma, kumzika babu wa watoto wetu. Nyumba ilikuwa tembe ya zamani, na kwa wingi wa wageni tulitandika mikeka sakafuni: sisi, watoto, na mkwe wetu, mke wa kijana wetu, mwenye mimba ya miezi saba.

Siku kumi hivi baada ya kurudi mjini, mkwe wetu alishikwa na homa kali. Zahanati walimpima kwa kipimo cha haraka, malaria haikuonekana. Akapewa vidonge vya kutuliza homa. Siku ya nne homa iliondoka, tukamshukuru Mungu. Baada ya wiki ikarudi. Kipimo kile kile, jibu lile lile.

Tukampeleka hospitali. Mpimaji wa damu, mtu mzima, akatuuliza swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: "Hivi karibuni mlilala wapi?" Tulipotaja tembe, alichukua tone la damu homa ikiwa bado juu, akaitazama kwa darubini. Akaona vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama springi. Ilikuwa homa ya papasi.

Papasi ni ndugu wa kupe. Hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Mara nyingi aliyeumwa hahisi kitu. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha ugonjwa huu. Dawa ipo, lakini kwa mama mjamzito kuchelewa ni hatari: mtoto aweza kufia tumboni au kuzaliwa kabla ya wakati wake.

Mkwe wetu alilazwa ili aangaliwe, maana saa chache baada ya dozi ya kwanza homa huweza kupanda ghafla. Ilipanda kweli, kisha ikashuka. Mjukuu wetu alizaliwa salama.

Tunakumbuka jambo moja zaidi. Mpimaji yule aliandika kitabuni jina la ugonjwa na jina la kijiji tulikolala, si mtaa tunaoishi. Alisema, "Nisipoandika, wilayani watajuaje kwamba papasi wako kule?"

Tulipomweleza bibi, alinyamaza kwanza. Kisha akasema wanawake wawili wa jirani waliharibikiwa mimba mwaka uliotangulia, baada ya homa ya kwenda na kurudi. "Tulisema ni malaria," akasema. Hakuna kitabu kilichowahesabu.

Likizo iliyofuata tulirudi na saruji. Tuliziba nyufa, tukasakafia chumba cha bibi, tukamnunulia kitanda na kukiweka mbali na ukuta.

Nanyi, akina mama, homa ikiondoka na kurudi, msingoje kuulizwa. Semeni mlikolala, ombeni damu itazamwe kwa darubini, na hakikisheni jibu limeandikwa. Mstari huo mmoja kitabuni waweza kumwokoa mtoto wa mama msiyemjua.