Namba 17296 na Mwenzake

Tunapenda kuwaletea wenzetu namba moja tu: 17296.

Ukiitazama haina ajabu. Lakini tafuta vigawo vyake, yaani namba zinazoigawa bila kubakisha kitu, uiache yenyewe. Vipo 19: 1, 2, 4, 8, 16, kisha 23, 46, 92, 184, 368, kisha 47, 94, 188, 376, 752, na mwisho 1081, 2162, 4324 na 8648. Jumlisha. Utapata 18416. Nayo ifanyie vivyo hivyo: 1, 2, 4, 8, 16, 1151, 2302, 4604 na 9208. Jumla inarudi pale pale, 17296! Tulizijumlisha ubaoni bila kikokotoo, mara mbili. Wataalamu walioandika kwa Kiarabu waliziita namba za aina hii mutahaabba, zinazopendana. Shina lake ndilo la neno letu mahaba.

Jozi ndogo kuliko zote, 220 na 284, ilijulikana tangu zamani za Wagiriki. Aliyetoa kanuni ya kuzitafuta na kuithibitisha ni Thabit ibn Qurra wa Baghdad, aliyefariki mwaka 901. Chukua 3, izidishe kwa 2 mara tatu, toa 1: ni 23. Izidishe mara nne, toa 1: ni 47. Chukua 9, izidishe kwa 2 mara saba, toa 1: ni 1151. Zote tatu zikiwa namba tasa, basi 16 × 23 × 47 na 16 × 1151 zinapendana.

Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi, aliyefariki mnamo 1319, aliithibitisha kanuni hiyo upya kwa njia yake mwenyewe na kuitaja jozi yetu. Hata hivyo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Pierre de Fermat, Mfaransa aliyeitangaza mwaka 1636.

Hapo baadhi yetu walitaka tuandike kwa herufi kubwa kwamba ni kazi ya Waislamu peke yao. Tulibishana sana. Thabit hakuwa Mwislamu, alikuwa Msabii wa Harran. Na Fermat hatuna haki ya kumwita mwizi. Tunaposoma mirathi tunafundishwa kumpa kila mrithi fungu lake, wala haongezwi mtu kwa kuwa tunampenda. Basi tumeandika kila mmoja na chake.

Kanuni yenyewe haikubali kila mara. Hatua inayofuata inatoa 47 na 95, na 95 ni 5 × 19, kwa hiyo inakwama. Inayofuata hiyo nayo inakwama kwa 95 ile ile. Ni mpaka ufike 191, 383 na 73727 ndipo unapata 9363584 na 9437056, jozi aliyoitoa Muhammad Baqir Yazdi katika karne ya 17. Vigawo vya hizo bado hatujavijumlisha. Ubao wetu ni mdogo.