Ufito wa Mgawadawa

Ukitoka Ifakara na kuvuka daraja la mto Kilombero, mwishowe barabara inaparamia milima ya Mahenge. Hewa inapoa. Vijito vinateremka kwa kasi vikigonga mawe, na mgeni hutamani asimame anawe uso. Lakini inzi weusi waenezao ugonjwa wa usubi hutaga mayai humo humo, kwenye maji yaendayo kasi. Wakikuuma mara kwa mara na kukuachia vimelea, utawashwa hadi ngozi ikakamae, na mwisho macho yapofuke. Hata kifafa, ambacho kimewatesa Wapogoro wa milima hii miaka mingi, watafiti wamekihusisha na usubi.

Dawa ya usubi ipo. Mgawadawa, mama mmoja, nilimkuta chini ya mwembe, daftari kapakata, ufito wenye mistari ameuegemeza shinani. Hana mizani, dozi inafuata urefu. Mtoto wa sentimita 90 hadi 119 anapata kidonge kimoja, mtu wa 159 na kuendelea anapata vinne. Aliye chini ya 90 hapewi, wala mjamzito.

Zamu ya mzee mmoja ikafika.

"Nyoosha mgongo kidogo, babu."

"Mwanangu, hapa ndipo mwisho wangu."

Mama yule akaweka kiganja juu ya utosi wa mzee, akasoma mstari, akahesabu vidonge vitatu. Mzee akavimeza mbele yake, akashushia maji ya kikombe cha bati. Jina likawekewa alama.

Kidonge chenyewe ni Mectizan. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kukitoa bure kwa wenye usubi, kwa kiasi chochote kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Mimi nauheshimu huo muda kuliko hata bure yenyewe. Dawa hii huua vimelea vichanga. Minyoo mikubwa hubaki mwilini ikizaa, na huweza kuishi miaka 10 hadi 15. Msaada wa mwaka mmoja ungekuwa kazi bure. Nimewahi kukaa katika kijiji ambacho kampuni moja ilikijengea zahanati, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, kisha wafadhili hawakuonekana tena. Miaka miwili baadaye popo walikuwa wamehamia darini na wajawazito wakiendelea kupanda bodaboda kwenda mbali.

Hapa Mahenge dawa inafika. Anayeifikisha mlangoni ni huyu mama, aliyechaguliwa na majirani zake na anayejitolea. Nilimfuata nyumba tatu tu, na kilima kilinitoa jasho. Viatu vyake ni kandambili, na mvua ikinyesha daftari hulifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Enyi wenye makampuni mnaotafuta pa kusaidia: kidonge kimeshalipiwa. Wanunulieni wagawadawa mabuti, makoti ya mvua na baiskeli, muwape na posho ya siku za kazi. Na msifanye hivyo mwaka mmoja mkaondoka.