Tumeipata Sauzi, Mueda imetukatalia!

MSOMAJI wangu, hebu fikiria: mtu mzima, ana kazi yake nzuri tu Dar, anakaa kwenye basi kutwa nzima hadi Newala ili akafunge waya kwenye mkorosho na kuita watu asiowajua hewani. Utasema amerukwa na akili, siyo? Basi mtu huyo ni mshikaji wangu, na mwenyeji wake ni mwenzenu!

Nimwite Fundi, maana jina lake hataki lionekane gazetini. Fundi ni mtu wa redio za ridhaa. Usidhani anapiga muziki na kusoma salamu. Hawa jamaa wanafuata leseni Mamlaka ya Mawasiliano, wanapewa jina la hewani linaloanza na 5H, ndiyo alama ya Tanzania, kisha wanaongea wao kwa wao dunia nzima bila vocha. Wengine wazimu umewazidi, wanabeba redio mgongoni na kupanda milima ili waite kutoka kileleni. Mchezo huo unaitwa SOTA, ulianza Uingereza Machi 2002, na masharti yake si mchezo: umeme wa gari au jenereta marufuku, na ili upate pointi ni lazima uwapate watu wasiopungua wanne.

Basi lilipofika Masasi, Fundi nusura ashuke. Alipoviona vile vilima vya mawe vilivyosimama peke yake kama mtu kavitupa tu pale, macho yakamtoka. Nikamwambia tulia, mwenyeji ni mimi. Tukafika Newala. Asubuhi akaamka, akatazama huku, akatazama kule. Tambarare na mikorosho!

"Sasa kilele kiko wapi?"

"Unakikanyaga," nikamjibu.

Ndivyo kwetu kulivyo. Gari limeshakupandisha jana bila wewe kujua. Ukitaka kujua uko juu kiasi gani, nenda ukingoni, pale Shimo la Mungu. Ghafla ardhi inakwisha! Chini ni bonde, mbele zaidi Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Kwa sheria za SOTA pale hakuna pointi hata moja, maana ukingo si kilele. Fundi alinuna dakika mbili hivi, upepo ukampoza.

Mama yangu aliposikia kuna watu wanapanda milima kwa starehe, alicheka mpaka akakaa chini. Enzi za usichana wake, kabla bomba halijafika kwao, walishuka ukingo ule alfajiri kufuata maji bondeni, wakapanda nayo kichwani. "Sisi tulipanda na maji, ninyi mnapanda na maneno," akasema. Lakini jioni ile alijifunga kanga akatufuata. Nikajua ana lake.

Lenyewe ni hili. Mama mkubwa, dada yake, aliolewa na Mmakonde wa ng'ambo aliyekimbilia kwetu wakati wa vita vya Mreno. Msumbiji ilipopata uhuru 1975, wakarudi kwao Mueda. Miaka yote tulikuwa tukipata habari zake, kwa barua, kwa wafanyabiashara, baadaye kwa simu. Kisha mapigano ya Cabo Delgado yakaanza Oktoba 2017. Simu ya mama mkubwa ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikaacha kuita kabisa. Mama halizungumzii jambo hilo. Ila kila tukifika ukingoni anatazama upande mmoja tu.

Fundi akafunga waya wake wa mita kumi juu ya mkorosho, akatoa redio ndogo kama kopo la chakula, wati tano tu, hata balbu ya chumbani inaishinda! Akaweka masafa ya megahezi 14, akaanza kuita. Mara ya kwanza kimya. Ya pili, ya tatu... Mara sauti ikajibu, ya Johannesburg! Zaidi ya kilometa 2,000, jamani, kwa betri ya kubeba mfukoni! Mwenzenu niliruka kama nimefunga bao la Simba na Yanga.

Mama akasogea. "Kama huyo wa Sauzi anasikia, dada yangu hapo Mueda si ndiyo rahisi zaidi? Haifiki hata kilometa mia. Mwite."

Hapo ndipo Fundi akaishiwa maneno. Akaokota kijiti, akachora mchangani. Wimbi linapanda, linagonga tabaka la hewa huko juu, linarudi ardhini mbali sana. Aliye karibu linamruka! Hapa katikati, akasema, ni ukanda wa ukimya. Kumpata wa karibu inabidi ushuke megahezi 7 na waya uufunge chini, ili wimbi lipande wima na kuteremka palepale kama mvua. Na hata hivyo ni lazima huko Mueda awepo mwenye redio na leseni. Tena leseni kwa kawaida hairuhusu kubeba salamu za watu wengine, mpaka kuwe na maafa.

"Kwani haya siyo maafa?" mama akauliza.

Hakuna aliyejibu. Fundi akashusha masafa, akateremsha waya mpaka usawa wa kifua, akaita kwa Kiswahili na kwa Kireno chake cha kubabaisha. Mama akavaa hedifoni juu ya kilemba, akafumba macho. Alisikiliza mikwaruzo ile mpaka giza likaingia, na sisi hatukuthubutu kumwambia twende.

Fundi alirudi Dar na redio yake, waya akamwachia mama. Nilidhani atauanikia kanga. Juzi nimempigia simu, nikamuuliza kwa utani kama nguo zinakauka vizuri.

"Nguo naanika kwenye kamba," akasema. "Waya wa rafiki yako nimeufunga chini, kama alivyosema. Anakuja lini?"