Tatu, Tam na Kuvu ya Mahindi

Msimu uliopita, nikiwa barazani kwangu Mbulumbulu, nilikuwa nikichambua mahindi. Yaliyoota ukungu niliyatenga kwa ajili ya kuku, kama walivyofanya wazazi wangu. Mjukuu wangu, anayesoma baiolojia, akaniuliza, “Babu, na hao kuku wataliwa na nani?”

Nilicheka, yeye hakucheka. Alinikumbusha sumukuvu, sumu isiyoonekana wala isiyokwisha kwa kupikwa, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Kenya ilizika watu 125. Kwa macho, kuvu iliyopatikana kule ilishabihiana na aina iliyokwisha kujulikana Marekani. Jeni zilipolinganishwa, ikabainika kuwa ni ya ukoo mwingine.

Nikamwuliza jeni hulinganishwaje. Akanieleza kuwa kila kiumbe hai, hata kuvu ya nyuzi nyembamba, kina ribosomu, yaani viwanda vidogo vya kuunda protini ndani ya seli. Ribosomu nazo zina protini zake, na jeni za protini hizo hubadilika polepole mno, maana kosa dogo laweza kukwamisha kiwanda kizima. Mtafiti huitambua jeni mojawapo, huzipanga herufi zake sambamba na za kuvu nyingine, kisha huhesabu zilipoachana.

Hapo nikajiona niko nyumbani. Katika chuo cha ualimu tulilinganisha lugha kwa njia iyo hiyo: si kwa maneno ya sokoni, yanayoazimwa kila siku, bali kwa maneno ya msingi. Waswahili husema *tatu*, Waganda *ssatu*, Wagikuyu *ithatu*, Wazulu *-thathu*, ndugu hawajifichi. Lakini Kiiraqw, lugha ya mama yangu, husema *tam*. Tumeazimana mengi na majirani wa Kibantu, ila neno hilo dogo lingali likishuhudia asili yetu ya Kikushi.

Miaka mingi niliwakanya wanafunzi wasiamini mfanano wa sura za maneno. Nyumbani kwangu, mimi mwenyewe niliamini sura ya punje, na kwa imani hiyo nikawalisha wanangu.

Jioni ile tuliyafukia mahindi ya kuku. Yaliyosalia tuliyaanika juu ya turubai, mbali na udongo, hadi yakakauka vema. Naendelea kuchambua, ila jicho langu silipi tena neno la mwisho.