Mdharau Mwiba: Uvimbe wa Mbwa katika Maboma ya Kanja

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii humwonya binadamu kuhusu mguu wake mwenyewe, lakini mafunzo yake yanamhusu pia kiumbe mwingine alalaye kizingitini mwa nyumba yake usiku kucha, naye ni mbwa. Katika soko la Kanja na vijiji vya karibu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, si rahisi kutembea mwendo mrefu bila kubwekewa. Mbwa ndiye bawabu wa kahawa iliyoanikwa, mlinzi wa zizi la ng'ombe wa maziwa na mwandani wa watoto waendapo mtoni. Hata hivyo, mwandani huyu anapoota kinundu ubavuni au kwenye chuchu, aghalabu hapatikani wa kumwangalia hadi kinundu kiwe donda, na donda lianze kutoa harufu. Makala haya yanadhamiria kuchunguza uvimbe unaowapata mbwa: aina zake, visababishi vyake na mambo yanayomweka mnyama hatarini. Fauka ya hayo, yanadai kwamba msamiati ambao Kiswahili kinao tayari unaweza kumsaidia mwenye mbwa kutambua hatari mapema, iwapo wasomi wa lugha watautendea haki.

Maneno na maradhi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutajia uvimbe. Jipu ni uvimbe wenye usaha. Chunjua ni kinyama kigumu kiotacho juu ya ngozi. Mtoki ni uvimbe wa tezi za kinenani au kwapani. Kisha lipo neno saratani, tulilopokea kutoka Kiarabu, na ambalo maana yake ya asili ni kaa. Neno kansa, lililotufikia kupitia Kiingereza, lina chimbuko katika Kilatini, na huko nako maana yake ni kaa. Waganga wa Ugiriki ya kale ndio walioufananisha uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotanda na mnyama huyo mwenye miguu mingi. Kwa hiyo anayesema saratani na anayesema kansa wanamtaja kaa yule yule, ila wamemvua katika bahari mbili tofauti.

Tofauti hizi za maneno si pambo la lugha tu. Kila neno lina mwelekeo wake wa tiba. Jipu la mbwa mara nyingi hutokana na kuumwa na mbwa mwenzake. Likipasuliwa na kusafishwa, hupona. Wakati mwingine kinachodhaniwa kuwa jipu ni kiota cha funza wa nzi wa embe aliyejipenyeza chini ya ngozi, naye hutolewa kwa kukamuliwa. Chunjua zinazoota mdomoni mwa mbwa wachanga husababishwa na virusi, na aghalabu huanguka zenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Mtoki, kwa upande wake, hautaki mzaha. Tezi za chini ya taya, za mbele ya mabega na za nyuma ya magoti zikivimba zote kwa pamoja bila maumivu, yamkini hiyo ni saratani ya tezi. Walakini, maradhi yaletwayo na kupe nayo huvimbisha tezi hizo hizo, na kupe si wageni Kanja. Kuna pia uvimbe wa mafuta, mwororo, unaoteleza chini ya kidole, ambao huweza kukaa na mbwa miaka mingi bila kumdhuru. Ndiyo maana daktari wa mifugo hatoi hukumu kwa kutazama tu. Huchoma sindano nyembamba, akatoa chembechembe chache na kuzipima chini ya hadubini. Jicho huona uvimbe. Hadubini ndiyo ijuayo jina lake.

Nani yumo hatarini?

Umri ndio mkosaji wa kwanza. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani hukadiria kwamba karibu nusu ya mbwa waliopita umri wa miaka 10 hupata saratani ya aina fulani. Katika maboma yetu mbwa wengi hufa kabla ya umri huo kwa ajali za barabarani, kwa sumu na kwa maradhi ya kuambukiza, na hivyo saratani za uzeeni huonekana kama maradhi ya mbwa wa matajiri. Hiyo ni njozi. Kadiri mbwa wanavyochanjwa na kulishwa vyema ndivyo wanavyozeeka, na kadiri wanavyozeeka ndivyo uvimbe unavyoongezeka.

Jinsia na uzazi ni mambo ya pili. Kwa mbwa jike asiyefungwa kizazi, uvimbe wa matiti ndio unaoongoza, na takriban nusu ya uvimbe huo huwa hatari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulionyesha kwamba jike aliyefungwa kizazi kabla ya joto lake la kwanza alikuwa na hatari ya chini ya asilimia 1 ikilinganishwa na ya jike asiyefungwa. Baada ya joto la kwanza hatari hiyo ilifika asilimia 8, na baada ya la pili asilimia 26. Ni haki kuongeza kwamba wataalamu walioupitia upya ushahidi huu mwaka 2012 waliuona kuwa dhaifu kuliko ulivyodhaniwa. Hata hivyo, madaktari wengi bado wanakubali mwelekeo wake.

Nasaba nayo haiachi kutoa ushuru. Mbwa wenye maumbo makubwa kama Rottweiler huelekea kupata saratani ya mifupa ya miguu. German Shepherd, anayependwa sana na wenye maduka na wenye mashamba, huelekea kupata saratani ya mishipa ya damu, ambayo hujificha kwenye wengu hadi siku inapopasuka. Mbwa weupe wenye manyoya haba nao huchomwa na jua puani na tumboni, na ngozi yao huweza kugeuka saratani. Mbwa wetu wa kienyeji, aliyechanganya damu za kila namna, ana nafuu katika baadhi ya mambo hayo. Lakini upo uvimbe mmoja usiouliza nasaba.

Uvimbe unaosafiri

Hebu itazamwe hali ambayo wahudumu wa mifugo huijua vyema. Mzee mmoja ana mbwa jike, mkali na mwaminifu. Baada ya msimu wa joto, jike huyo anaanza kudondosha damu mfululizo, na nyama nyekundu inachomoza ukeni mithili ya koliflawa. Watoto wanakatazwa kumgusa. Jirani anashauri apelekwe mbali na kutupwa. Mwingine anapendekeza kamba. Mzee mwenyewe anasitasita, kwani mbwa huyo ndiye aliyemwamsha usiku ule wezi walipokuja kufungua zizi. Hatimaye anamwita daktari wa mifugo.

"Daktari, huyu amekwisha?" anauliza.

"La, mzee. Huu ni uvimbe wa kujamiiana. Ukivumilia wiki chache, atapona."

"Na watoto wangu je?"

"Hauwapati watu, mzee. Huu ni wa mbwa kwa mbwa."

Jibu hilo fupi limebeba mojawapo ya visa vya ajabu katika elimu ya viumbe. Uvimbe huu hauletwi na virusi wala bakteria. Chembechembe za saratani zenyewe, zikiwa hai, hubanduka kwa mbwa mmoja na kupandikizwa kwa mwingine wanapojamiiana, kunusana au kulambana. Daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, aliweza kuuhamisha kutoka mbwa hadi mbwa mnamo mwaka 1876. Mwaka 2006 watafiti wa London walithibitisha kwamba chembechembe za uvimbe huu hazina jeni za mbwa anayeugua, bali za mbwa mwingine wa kale. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliolinganisha uvimbe 546 kutoka nchi 43, ulikadiria kwamba mbwa huyo wa kwanza aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye mwenyewe alikwisha kuwa mavumbi, ilhali saratani yake ingali inatembea duniani kwa miguu ya mbwa wengine.

Kinachousambaza ni uzururaji. Palipo na mbwa wengi wasiofungwa kizazi, wanaoranda sokoni na vichinjioni, uvimbe huu hustawi. Huko Uingereza ulitoweka katika karne ya 20, baada ya sheria za kudhibiti mbwa kushika mizizi, japo sheria hizo hazikutungwa kwa ajili yake. Tiba yake nayo inajulikana. Ni dawa iitwayo vinkristini, hudungwa mshipani mara moja kwa wiki, aghalabu kwa wiki nne hadi sita, na mbwa walio wengi hupona kabisa. Dawa hiyo asili yake ni ua dogo la Madagaska ambalo wengi hulipanda bustanini kwa urembo tu, na ndiyo dawa hiyo hiyo itumiwayo kuwatibu watoto wenye saratani ya damu. Ni kali, haichezewi, na ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Kwa hivyo ni kazi ya daktari, si ya muuza dawa wa sokoni. Kamba iliyopendekezwa na jirani ingemuua mbwa aliyehitaji sindano chache tu.

Chakula cha mbwa, onyo kwa mwenyewe

Mbwa wa shambani hula anachopata, na humo mna hatari mbili. Ya kwanza ni mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, aliyeelezwa katika utafiti kuhusu mbwa wa Kenya uliochapishwa mwaka 1968. Mayai yake humezwa na mbawakavu wa kinyesi. Mbwa humla mbawakavu huyo, au hula kuku au mjusi aliyemla. Mnyoo husafiri hadi kwenye umio na kutengeneza vifundo, na baadhi ya vifundo hivyo hugeuka saratani. Anayemrushia mbwa wake matumbo mabichi ya kuku hana nia mbaya, ila angefanya heri kuyachemsha kwanza.

Hatari ya pili ni mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo kwa binadamu hujulikana wazi kuwa husababisha saratani ya ini, na ambayo kwa mbwa huharibu ini upesi hata kumuua. Mwaka 1981, ugonjwa wa ini ulipozuka Machakos na kuua wagonjwa 12 kati ya 20 waliochunguzwa, ilielezwa kwamba njiwa ndio waliotangulia kufa, kisha mbwa, ndipo watu wakafuata. Mwaka 2004 balaa hiyo ilirudi katika wilaya za ukambani na kuua watu 125. Katika boma ambalo mahindi mabovu hupewa mbwa, ghala ni lile lile na mkono ni ule ule. Dalili ya mvua ni mawingu, na mbwa ni wingu la kwanza.

Hitimisho

Imebainika kwamba uvimbe wa mbwa si laana wala jicho baya. Una mpangilio: umri, uzazi, nasaba, uzururaji na chakula. Mengi kati ya hayo yamo mikononi mwa mwenye mbwa. Kampeni za chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuyatokomeza ifikapo 2030, huwakusanya mbwa mahali pamoja. Siku hiyo hiyo mhudumu anaweza kupapasa matiti, kukagua sehemu za siri na kumweleza mwenye mbwa faida ya kumfunga kizazi.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana deni. Daktari hukutana na mkulima katika lugha, na pasipo neno mwafaka mambo yote huitwa donda. Istilahi kama uvimbe tulivu na uvimbe sambazi zinastahili kujadiliwa, kusanifiwa na kufikishwa vijijini kwa redio na kwa vijitabu, badala ya kufungiwa makabatini mwa vyuo. Mbwa hana ulimi wa kusema panapomuuma. Anayemfuga ana vidole vya kumpapasa, na ana lugha ya kumsemea. Kwa vidole hivyo na lugha hiyo, mwiba utang'olewa kabla mguu haujaota tende.